Unga wa Muhogo Juu ya Chuma

Jina lake sitalitaja. Wengine huyaficha majina ya wazee wao kwa heshima. Mimi nalificha la kwake kwa sababu niliwahi kulitaja mara moja, mbele ya watu waliokuwa na kalamu mkononi, na mara hiyo moja yatosha. Sisi tuliofanya naye kazi kando ya ziwa, kule Nguba, tulimwita Shefu. Alikuwa mkuu wa karakana, na hata wale waliomzidi cheo walimwita hivyo hivyo.

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwake ni vidole. Vilikuwa vinene, vyeusi kwenye kucha, na havikutulia. Shefu hakukalia kiti kabla ya kukipindua. Siku ya ubatizo wa mtoto wa karani wetu, wageni wamekaa, bia zimefunguliwa, tukamwona amepiga magoti chini ya meza. Mwenye nyumba akadhani mzee ameangusha rozari. Kumbe alikuwa anakaza mguu wa meza kwa vidole vitupu. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Sasa munaweza kuweka sahani." Mke wa karani alinuna mpaka jioni. Meza ile bado ipo, nimeiona juzi.

Alikuwa na majivuno ya viatu. Aliishi Bagira, na asubuhi alishuka mjini kwa basi dogo likipatikana, na kwa miguu lisipopatikana. Msimu wa mvua, barabara zetu unazijua: udongo mwekundu unaokamata mguu na kuubakiza. Shefu alifika na viatu vinang'aa kwa sababu alivibeba ndani ya mfuko, akavivaa getini, akapita mbele ya ofisi ya mkurugenzi, akafika karakana, akavivua tena na kuvaa ndara za tairi. Hatua mia moja, pengine hazifiki. Nilimuuliza siku moja kwa nini ajisumbue hivyo. Akasema kuhusu wale wa ofisini, "Bale ba kwa biro banaangaliaka miguu mbele ya kuangalia kazi."

Miaka ile tulikuwa tumeagizwa kuitana citoyen, yaani mwananchi, wakubwa kwa wadogo. Shefu alitii kupita kiasi. Kompresa ya karakana aliiita Citoyenne. "Citoyenne anakohoa leo, mumwache apumuzike." Mkurugenzi alisikia, akashindwa aseme nini, maana kucheka kulikuwa hatari na kukasirika kulikuwa hatari zaidi.

Kampuni yetu ilinunua kahawa. Ilikuwa na boti mbili za motori, kubwa na ndogo, zilizovuka hadi kisiwa cha Idjwi na kurudi na magunia. Boti ikikaa majini miezi, tumbo lake huota majani, na pangaboi lake hupinda kwenye mawe. Lazima itolewe majini. Kwa hiyo palikuwa na kinyanyulio ukingoni: fremu ya chuma ya miguu minne, minyororo, na winchi ya kuzungushwa kwa mkono. Boti inaingia katikati ya miguu, inafungwa mikanda, inapanda juu ya maji, na watu wanaingia chini yake kukwangua na kupaka rangi. Wafanyakazi walikiita potiki.

Mimi nilifika hapo nikiwa na miaka ishirini na sita, diploma ya ufundi kutoka Kinshasa, na bomba la plastiki la kubebea michoro ambalo sikuliacha hata nikienda chooni. Shefu alilitazama bomba lile, akanitazama mimi, akaniita Plani. Kinywani mwake sikupata jina jingine. "Plani, kuya huku uone." "Plani, kalamu yako inasema nini leo?" Watu wa karakana walicheka. Nami nilicheka nao, usoni tu.

Mtu huyu aliyeogopa kulehemu kuliko wote niliowajua, ndiye aliyekuwa mlehemu bora kuliko wote niliowajua. Watu walimletea mageti, vitanda vya hospitali, fremu za pikipiki zilizokatika vipande viwili. Fimbo zake za kulehemia hakuziacha karakana, kwa sababu zikinyonya unyevu zinaharibika na kiungo kinakuwa na matundu ndani. Alizilaza nyumbani kwake, juu ya jiko la mkewe, zikikauka pamoja na moshi wa maharagwe. Mama huyo sikuwahi kumwona wakati ule, lakini malalamiko yake tuliyajua yote, kwani Shefu alituletea kila asubuhi kama habari za redio.

Nilimuuliza, na kusema kweli nilimuuliza kwa dharau, kwa nini fundi wa kulehemu asifie bolti kila siku.

"Bulon iko na kinywa," alinijibu. "Ikichoka, inaanza kucheza. Inalia. Inatoa kutu pembeni. Wewe unapita na kle yako, unaituliza. Sudure, ile kiungo ya moto, haisemake kitu. Inanyamaza, inanyamaza, siku moja inakuangukia."

"Lakini yako wewe haianguki, Shefu."

"Miye minajua kuifanya ionekane muzuri. Njo maana minaiogopa."

Kusifu hakujua. Kazi mbaya aliita mbaya, kazi nzuri aliitazama tu na kupita. Neno lake la juu kabisa lilikuwa "itapita." Mimi alinipa mara moja, kwa mchoro wa mlango wa ghala, na nilitembea na neno hilo siku nzima kama mtoto aliyepewa pipi. Nasema haya ili ieleweke kwamba nilimpenda. Watu wakisikia yaliyofuata hudhani nilimchukia.

Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Boti ikishanyanyuliwa, hakuna mtu kuingia chini yake kabla yeye hajaingia. Anaingia peke yake, anakaa huko kwa muda wa kuvuta sigara moja, ingawa hakuvuta, akitazama juu na kusikiliza. Akitoka ndipo wengine wanaingia. Nilidhani ni ushirikina.

Na alikuwa na unga.

Unga wa muhogo, wa nyumbani, umefungwa kwenye kitambaa. Akishamaliza kulehemu kiungo muhimu, alikisugua kikang'aa, akakipaka petroli ya taa, akangoja, kisha akakipangusa kikauke kabisa. Halafu akanyunyiza unga mwembamba juu yake na kukaa kando. Kiungo kikiwa kizima, unga unabaki mweupe. Kikiwa na ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, petroli iliyojificha ndani inapanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya unga. Hilo hakufundishwa na mtu, na mimi Kinshasa sikuwahi kulisikia. Jioni akirudi Bagira, mkewe alimuuliza swali lilelile kila mara alipochukua unga: "Unga ilisema nini?" Hilo nalo alituletea asubuhi, akicheka. Alipenda kuulizwa.

Potiki ya zamani ilipoliwa na kutu, mkurugenzi aliamuru ijengwe mpya. Aliniita mimi na Shefu pamoja. Nilikuwa nimechora michoro miwili, mmoja wa kulehemu na mmoja wa bolti, lakini moyoni nilikuwa sijachagua. Kila mmoja ulikuwa na sababu zake. Wa bolti ungehitaji mtu wa kuupitia na spana kila mwezi, na wakati huo bolti ziliibiwa hata madarajani. Wa kulehemu ungekuwa mwepesi, safi, bila cha kung'olewa. Siwezi kusema ulikuwa ujinga.

Shefu alitaka bolti. Alisema ziwa linapanda na kushuka, na potiki ya bolti inaweza kufunguliwa na kusogezwa juu tundu kwa tundu. Alisema umeme wetu unashuka na kupanda kuliko ziwa lenyewe, na sudure inayofanywa na umeme unaoyumba inashika ngozi tu, ndani haiingii. Kuhusu wezi alisema, "Nitazihesabu miye, asubuhi na magaribi, sawa vile mama anahesabu kuku."

Halafu akachukua mchoro wangu, akatoka nao nje, nasi tukamfuata, mkurugenzi, karani, na watu wa karakana walioacha kazi ili waone. Akasimama ukingoni, akaonyesha mstari mweupe kwenye mawe, juu ya goti lake. "Plani, maji inafika hapa mvua ikiisha. Wewe umeweka winchi hapa." Akaonyesha kwenye kifundo cha mguu. "Utakuwa unaizungusha pamoja na samaki?"

Walicheka wote. Mkurugenzi alicheka mpaka akashika tumbo la abacost yake, ile suti isiyo na tai. Kisha akajifuta macho na kusema, "Citoyen, wewe ndiye ulisoma. Chagua."

Nikachagua kulehemu.

Nimejieleza kwa miaka kwamba nilichagua kwa ajili ya wezi wa bolti. Si kweli. Nilichagua kwa sababu mzee aliyeishia darasa la tatu alikuwa amenisahihisha mbele ya watu, na alikuwa amesema kweli. Winchi niliipandisha, kimyakimya, kwenye mchoro mpya. Viungo nikavifanya vya moto. Shefu aliutazama mchoro ule muda mrefu. Alisema tu, "Bien. Tutafanya."

Aliifanya kama ya kwake. Wiki tatu alilehemu akiwa amejifunika uso kwa ngao ya kadibodi yenye kioo cheusi, akisimama umeme uliposhuka, akingoja, akianza tena. Wiki ya tatu tukaambiwa kwamba mkubwa fulani atapita kuona kazi za kando ya ziwa, na mkurugenzi akataka potiki izinduliwe mbele yake. Rangi ya kijani ikanunuliwa. Ngoma zikatafutwa. Siku moja kabla ya ziara, kiungo cha mwisho, cha mguu wa kushoto upande wa maji, kilifanywa mchana wakati umeme ukikatika na kurudi kama kwikwi.

Alasiri Shefu aliniita. "Plani, kuya uone."

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mguu ule. Viungo vyote vya juu vilikuwa vyeupe kwa unga, safi. Kwenye hiki kulikuwa na mstari, mwembamba, mrefu kama kidole cha shahada, na ulikuwa unazidi kukolea tulipokuwa tunautazama.

"Itabidi kukata, kusafisha, kurudilia," akasema. "Kesho magaribi itakuwa imeisha."

"Mgeni anakuja kesho asubuhi, Shefu."

"Aone ingine. Hii bado."

"Rangi lazima ikauke usiku huu."

"Ile unga iko nasema, Plani."

Nilisikia sauti za watu wakifunga mapambo getini. Nikafikiria kwenda kumwambia mkurugenzi kwamba potiki yangu haiko tayari, ile niliyoichagua mwenyewe. Nikatoa kitambaa cha mfukoni, cha bluu, alichonitarizia mama yangu, nikainama, nikapangusa unga. Mara mbili, mpaka chuma kikabaki chuma.

"Tutarudilia nyuma ya fête, mugeni akiisha kwenda," nikasema. "Mupake."

 Nilikwisha kugeuka kuondoka niliposikia kopo la rangi likifunguliwa.

Ziara ilikwenda vizuri. Boti ndogo ilinyanyuliwa, watu wakapiga makofi, mkurugenzi akapongezwa, akanipongeza. Shefu alikuwa mstari wa nyuma, viatu vyake vinang'aa.

Baada ya hapo kila tulipokutana aliniambia maneno matatu. "Ile ya kushoto." Nami nikamjibu maneno yangu mawili. "Juma lijalo." Nilimaanisha. Lakini kukata rangi ile na kiungo kile kulihitaji karatasi, na karatasi ingeuliza kwa nini. Shefu akaanza kukataa kunyanyua boti kubwa. Alisema winchi ina kasoro, alisema mikanda imechakaa, alimsingizia kila mtu isipokuwa mimi. Ndogo aliinyanyua, na aliingia chini yake peke yake, na sasa alikaa huko kwa muda wa sigara mbili.

Miezi minne ilipita hivyo. Kisha boti kubwa ikapinda pangaboi, kahawa imerundikana Idjwi, na mkurugenzi akasema inyanyuliwe leo. Mimi ndiye niliyebeba amri hiyo kutoka ofisini hadi karakana. Shefu alinisikiliza. "Umemuambia ile ya kushoto?" akauliza. Nikasema, "Nitamwambia." Akazungusha winchi yeye mwenyewe na mwenzake, boti ikapanda, maji yakichuruzika. Akasema watu wasogee. Akaingia.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu amevunja kuni kwenye goti. Mguu wa kushoto ulifunguka palepale pa ule mstari. Boti haikumwangukia mwili, kwa kuwa alikuwa anasikiliza na aliruka. Ilimpata mguu wa kulia, chini ya goti.

Methali tuliyoimbishwa shuleni inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyeziba masikio. Guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Nimeisikia methali hiyo mara nyingi tangu siku hiyo, harusini, mahubirini, kwa watoto wangu wakijifunza, na kila mara nainamisha uso.

Wiki sita baadaye tuliitwa ofisini. Watu watatu wenye kalamu walikaa upande mmoja wa meza. Shefu aliletwa na magongo mawili, akakataa kiti. Nadhani kwa sababu asingeweza kukipindua. Wakaniuliza mimi, niliyechora, nani aliyelehemu mguu wa kushoto.

Nikataja jina lake. Nilitaja lote, kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya kazi, na karani akaandika.

Lilikuwa jibu la kweli. Hakuna aliyeuliza juu ya unga. Hakuna aliyeuliza nani alisema ipakwe rangi. Sikusema uongo hata neno moja siku ile, na mpaka leo nikijaribu kujitetea hapo ndipo ninapokamatwa.

Wakamuuliza kama ana la kusema. Aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi alivyotazama viungo vyake, akingoja. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na mimi nikaitazama hiyo.

"Mikono ni yangu," akasema.

Aliondolewa kazini. Nyumba ya Bagira ilikuwa ya kampuni, nayo ikaondoka. Juma lililofuata nikapewa funguo za karakana. Nilichora potiki nyingine, ya bolti, yenye matundu ya kupandisha na kushusha, na mkurugenzi akasifu wazo langu mbele ya watu. Sikumkatiza. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia huku bomba langu limeegemea ukuta.

Miaka ikapita. Sikumtafuta. Nilijua kwamba yeye na mkewe wamehamia Idjwi, kwa wakwe zake, na nilijipangia safari zangu nisifike huko. Mara moja pale soko la Kadutu nilimwona mtu wa mgongo kama wake anachechemea, nikajificha nyuma ya mafurushi ya mitumba mpaka akapita. Hakuwa yeye. Muuza mitumba aliniuliza kama nadaiwa.

Kampuni ilikufa kama nyingi zilivyokufa. Nikahamia ofisi nyingine, ya miradi ya maji, na ofisi hiyo ikanituma Idjwi kupima chemchemi. Safari hii sikupata kisingizio. Boti ilipokaribia ukingo niliona kazi inaendelea: nguzo nne za mkaratusi zimesimama majini, zimeunganishwa kwa vyuma na bolti, minyororo inaning'inia. Wavuvi walikuwa wamenunua boti ya motori kwa pamoja. Mzee aliyevaa kofia ya sufu alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini. Alipotoka nikaona mguu wa kulia, umepinda, ndani ya ndara ya tairi. Akaketi kwenye jiwe, akavaa kiatu cha kushoto. Kiatu kile kilikuwa kinang'aa.

"Plani," akasema. "Bomba yako iko wapi?"

"Niliiachaka, Shefu."

"Bien. Kamata hii kle. Kaza izi ine."

Sikuwa nimesema hata pole. Nikachukua spana, nikakunja suruali, nikakaza bolti nne alizonionyesha. Nilizikaza kwa nguvu zangu zote. Nilipomaliza alivua tena kiatu, akaingia majini akichechemea, akachukua spana kutoka mkononi mwangu, na kuzipitia moja baada ya nyingine. Bolti nyingine zilikuwa zimekazwa na wavuvi, hakuzigusa. Alirudia zangu nne tu.

Ndipo ikanitoka. "Shefu, ile siku, ile unga. Ni miye nilipangusa."

"Nilikuwa hapo."

"Na kwa biro sikusema."

"Pale pia nilikuwa."

"Juu ya nini ulinyamaza? Ungebaambia."

 Aliosha spana kwenye maji, akaikausha kwenye shati. "Wewe ulipangusa. Brosi ya rangi ni nani alikamata? Nilikuwa na kinywa, ningekatala. Niliogopa bataniondoa mbele fête haijafika. Njo maana nilibaambia mikono ni yangu. Ile yangu nilisha kuisema, Plani. Ile yako ungali nayo."

"Mkurugenzi alisha kwenda kwabo. Kampuni ilifungwa. Hakuna tena mutu wa kuambia."

"Hakuna?"

Akanyoosha spana kuelekea kilimani. Mwanamke mzee alikuwa anashuka njiani, beseni kichwani, akitembea upesi kama watu waliozoea miteremko.

"Ile unga ilikuwa yake," akasema Shefu. "Ile magaribi, mbele ya fête, aliniuliza unga ilisema nini. Nilipata haya. Nikamujibu ilinyamaza. Mpaka leo anajua kama ilinyamaza. Anajua bwana yake aliangalia ile chuma na hakuona kitu." Nikaelewa kwamba mguu haukumuuma kama jambo hili.

Mama akafika. Alishusha beseni kwenye jiwe, akafunua kitambaa, bugali ya muhogo ikatoa moshi, na kando yake sambaza, samaki wadogo wa ziwa, waliokaangwa. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, suruali yangu iliyolowa.

"Karibu, papa. Huyu mugeni ni nani?" akamuuliza mumewe.

"Atajisema mwenyewe," akajibu Shefu, akatugeuzia mgongo, akarudi kwenye bolti zake.

Mama alikuwa amekwisha kunimegea bugali na kuninyooshea. Niliiweka chini. Nikamwambia jina langu, lote, kama lilivyo kwenye kadi ya kazi, kisha nikaanza na kitambaa cha bluu.